Fungu la Mtungi

Usinikunjie uso, wewe fundi wa mafriji, na wewe mchanganya vinywaji acha kumkonyeza kaka yako kana kwamba sioni. Macho yangu yamepungua, hayajazibwa. Nimesema mama wa chai amekufa, na kabla sijafunga mdomo mmeshaanza kubisha, huyu anasema labda amelala, yule anasema labda ni baridi, kama vile ninyi ndio mliomlisha miaka yote na mimi ndiye niliyefika jana kuuliza njia ya chooni. Sikilizeni wanangu. Na wewe mkwe wangu uliyesimama hapo mlangoni na kitambaa mkononi, ingia, vuta kigoda ukae, maana ndiwe pekee humu ndani ambaye hujafungua mdomo, na asiyefungua mdomo huenda amefungua masikio. Haya ninayasema mara moja. Sitayarudia, na si kwa ukali, ni kwa kupungukiwa pumzi.

Mtungi huo wa kioo hapo mezani mnaujua kuliko mnavyoikumbuka sura ya baba yenu. Mmekua mkiupita mkienda kuoga, mkiupita mkienda shule, mkiambiwa msiutikise. Ndani yake alielea huyo tuliyemwita mama, utando mnene wa rangi ya maziwa yaliyoganda, unaoteleza mkononi kama samaki, anayekula sukari ya chai na kuturudishia chai kali yenye kuchachatika ulimini. Sasa tazameni juu yake. Hayo madoa ya kijani yenye manyoya si uzee, ni ukungu, na mama wa chai akishaota manyoya hakwanguliwi, haoshwi, haombewi. Wala sikuhitaji kufunua kitambaa. Niliporudi kutoka hospitali, nilipokanyaga kizingiti tu, pua iliniambia. Jiko hili limenukia uchachu tangu nilipoolewa humu. Jana lilinuka viatu vilivyosahauliwa kwenye mvua.

Kifungua mimba wangu ananiambia, "Mama, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Ahsante, baba. Methali ni kama kiatu, usikivae kwa sababu umekikuta mlangoni. Hapa hakuna koleo lililovunjika. Moto umezimika, na jirani hana kaa.

Mavyaa, bibi yenu, alinikabidhi mama huyu kabla hata sijajua ufunguo wa kabati unawekwa wapi. Aliniita jikoni, akafunua kitambaa, akaniambia, "Tia mkono." Nikatia, nikautoa mbio, nikamwambia, "Mama, sisi kwetu hatuloweki nyama kwenye chai." Akacheka mpaka akashika meza, na yule alikuwa mwanamke mchoyo wa kicheko, sikumsikia tena akicheka hivyo mpaka mlipozaliwa. Kisha akanitazama kama mtu anayepima kitambaa, akasema, "Binti, mwanangu nimekupa bure. Huyu nakukopesha." Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Akanifundisha. Majani yenyewe ya chai, si vumbi la kwenye vikaratasi. Yakae kwenye maji yaliyochemka mpaka maji yawe rangi ya tofali. Sukari itiwe chai ikiwa bado moto iyeyuke, halafu ipoe, ipoe kweli, mpaka ukizamisha kidole usijue kidole kinaishia wapi na chai inaanzia wapi, maana ukimmwagia ya moto umempika. Ifunikwe kwa kitambaa na ulastiki, kwa kuwa anapumua. Hayo mnayajua, hata watoto wa mtaa wanayajua, na mkwe wangu huyu anayajua kuliko ninyi nyote. Lakini lililobaki mavyaa alilisema akiwa amenishika kifundo cha mkono, tena kwa nguvu: kila unapoteka, acha ya zamani chini. Ile kali, ya kukukunja uso. Chai mpya ni tamu na haina ulinzi, kila uchafu wa hewani unaitamani, na cha kuufukuza uchafu huo ni ukali wa ile ya zamani basi. Akaliita fungu la mtungi. "Ukigawa," alisema, "toa langu, toa lako, toa la mgeni, lakini kabla ya yote weka kando la mtungi, maana mtungi hauna mdomo wa kudai."

Baba yenu alikuwa mwashi, akirudi jioni ana saruji mpaka kwenye kope, na hakuwa na haja ya maji wala ya chai ya moto, alitaka kikombe cha hiyo, akinywa anafumba jicho moja. Siku tuliyomzika, nyumba imejaa watu na mimi nimelala sakafuni sijijui, mavyaa aliingia humu jikoni akabandika sufuria. Mama aliyemzika mwanawe asubuhi, jioni anachemsha chai. Nikamwona katili, nikamwambia hivyohivyo. Akanijibu bila kugeuka, "Aliyekufa hasikii njaa, mwanangu. Huyu anasikia." Nikainuka sakafuni nikamshikia chujio.

Nipe maji, mkwe wangu. Kidogo tu, usijaze.

Sasa wewe kitinda mimba. Kipaji unacho, sikuachi uende useme mama yangu hakuniona. Nilikufundisha kutia tangawizi na kijiko cha sukari kwenye chupa, kuziba, kungoja, mpaka chupa ukiifungua inakutukana. Wewe ukapita hapo. Ulipopata kazi ya kaunta ukajifunza kuloweka majani ya chai kwenye vodka, ukayachuja upesi kabla hayajatoa uchungu, ukapika shira ya chai, ukakamua limau, ukatikisa na barafu kwenye kile kikopo chako cha chuma kama mtu anayemwamsha mlevi, na juu ya bilauri ukamalizia kwa chai yetu ili itoe povu. Uliniletea hospitali kwenye chupa ya chai, ukaninong'oneza, "Kunywa mama, muuguzi amegeuka." Nikanywa. Ilikuwa nzuri. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba, nikamnyima. Sasa nimejua nilichokuwa nakinywa na kukisifia, na tangu jana ladha ile haitaki kunitoka mdomoni.

Maana mnadhani kuna mwizi. Mnatafuta nani alifanya kosa. Nimewauliza mmoja mmoja, kando kando, na kila mmoja amenijibu kwa kujisifu, "Mama, sikugusa cha mwenzangu!" Nawaamini. Hilo ndilo lililomuua.

Niliwaacha mkiwa hamsemezani tangu ile baiskeli ya marehemu baba yenu, mliyoigawana kwa haki mpaka fremu ikaenda kwa mmoja na magurudumu yakaenda kwa mwingine, na hadi leo hakuna anayeiendesha wala anayeiachia. Nilipolazwa mkakutana kwenye meza hii, mkaona aibu kugombana mbele ya maradhi yangu, mkaamua kuwa watu wazima. Mtungi ni nusu kwa nusu. Dada akahitaji chai ya wageni wake wa kaunta, akaja asubuhi, akapima kwa rula ya shule, naam, kwa rula, akateka nusu yake, akafunika kwa kitambaa, akaondoka roho nyeupe. Akajua ameacha nusu nzima, na nusu ni zaidi ya fungu la mtungi. Jioni kaka akarudi kazini, akakuta nusu, akajua dada ameshachukua yake, basi hii ni yangu. Akateka yake. Alipoona chini bado kuna vikombe kama viwili akamalizia na hivyo, ili isije ikaonekana amemwachia dada kazi ya kuosha. Nusu na nusu. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Mama akabaki amelala kwenye kitako cha kioo kikavu kama ulimi wa mwenye homa.

Na huyu mkwe wangu, aliyekuwa ameketi chumbani wakati wa mgao kwa kuwa aliambiwa hayamhusu, akaingia asubuhi akamkuta mama kwenye ukavu. Akafanya kila kitu sawa. Akachemsha, akatia sukari, akapoesha, akamwaga taratibu pembeni mwa kioo. Alitafuta ile kali ya zamani, hakuiona, akamuuliza mume wake, "Ya chini iko wapi?" na mume wake akamjibu, "Tumegawana." Ndivyo ulivyomjibu, usikohoe. Huyo mama akalazwa kwenye chai tamu isiyo na ukali hata tone, na ukungu ukaja kama shemeji wa msimu wa harusi, haukualikwa na ukala kuliko wote.

Tulia, najua unachotaka kusema. Unataka kusema katika chupa huenda imebaki. Mnaniona mzee, mnadhani sikuliwaza hilo usiku kucha? Asubuhi nimemtuma mkwe wangu akaonje kila chupa iliyotoka katika mtungi huu. Fungu la dada lote limekutana na vodka, hata ile chupa ya mwisho iliyofichwa nyuma ya barafu ya kaunta, na pombe kali si mahali pa kumlea mtu. Ikabaki ya kaka. Chupa moja, safi, haina pombe, haina limau, iko ndani ya friji. Moyo ulinipiga, nikajiona mjinga kwa kupigwa na moyo katika umri huu. Nikamuuliza, mbona haina povu? Akasema, "Niliichemsha kwanza, mama, isije ikapasua chupa." Umetengeneza mafriji ya watu miaka yote hiyo, umeona chupa zilizopasuka, ukaogopa chupa, ukampika aliyebaki ndani yake. Sikulaumu. Mtu huokoa anachokijua. Umeiokoa chupa.

Na usiniambie utanunua. Najua wapo wanaouza, kwenye visahani vya plastiki, na maelekezo yamebandikwa juu. Nunueni. Mtamuua na huyo. Mtagawana kwa rula, kila mtu atachukua haki yake mpaka tone la chini, na mtasimama juu ya mtungi mkavu mkiulizana mwizi ni nani. Mimi sijakata tamaa kwa sababu ya utando. Nimekata tamaa kwa sababu nimewaeleza tangu jana, na hata sasa naona usoni mwenu kila mmoja anahesabu kwamba nusu iliyomuua ni ile aliyoichukua mwenzake.

Lipo deni. Mshonaji wa nyumba ya pili, mnamjua, yule mliyekuwa mkimwita Sindano kwa wembamba wake. Mama yake na bibi yenu walimegeana mama mmoja. Na desturi yao ilikuwa hii: aliyepoteza wake huchukua chombo kitupu, hukifunika kwa kitambaa kisafi, huenda kwa mwenzake, na mwenzake humegea bila kuuliza umempotezaje. Ninyi mkiwa wadogo, mainzi yaliwahi kutuingilia, funza wakajaa humo, nikaenda na bakuli langu, nikatazama chini kwa aibu, na mama yake Sindano akanijazia huku akinisimulia habari za bei ya nyuzi, kana kwamba nimeenda kuomba chumvi. Jana jioni, ninyi mkiwa mnabishana uani, Sindano amekuja. Rafu imeanguka ukutani kwake, mtungi wake umepasuka, mama wake wa chai amekatwakatwa na vigae. Amesimama hapo ulipoegemea wewe, na bakuli mkononi, kitambaa kimepigwa pasi. Akasema, "Shangazi, nimekuja na chombo." Nami nikafunua kitambaa changu, akaona manyoya. Alikunja kile kitambaa chake pande nne, akakitia ndani ya bakuli, akaenda zake. Kati ya nyumba ile na hii, ndio wote. Hakuna kaa tena mtaa mzima.

Deni hilo nawaachieni, na hamna cha kulilipia.

Sogeza ndoo, mkwe wangu. Hapana, nitamwaga mwenyewe. Shika mtungi kwa chini tu. Hivyo. Msigeuze nyuso, haimwagwi damu hapa, ni chai iliyooza. Tazameni. Huyu alimlisha baba yenu, alimtuliza bibi yenu, aliwaondoleeni hamu ya soda za dukani mlipokuwa hamnunuliwi. Mwende mkamfukie nje, msimtie chooni.

Haya. Yaliyobaki ni mafupi.

Nyumba hii mmeshaigawa, msijifanye kushtuka, chaki yenu nimeiona sakafuni imepita chini ya meza mpaka kwenye beseni la kuoshea vyombo. Jiko limekatwa katikati. Bomba liko upande wa dada, dirisha liko upande wa kaka. Sitaifuta, magoti hayainami. Nawauliza moja tu, na msinijibu: paa ni la nani? Likivuja juu ya mstari, nani atapanda? Nyumba nayo ina fungu lake, na haina mdomo.

Sufuria ya chai, chujio na kigoda hiki ni vya mkwe wangu. Havimo katika nusu ya mtu. Alimlisha mama mkavu bila kuambiwa, na alipouliza swali la maana alijibiwa kama mgeni. Khanga zangu achukue pia, dada mtu usininunie, wewe khanga huvai, unazitandika mezani chini ya bilauri.

Mtungi uoshwe kwa maji ya moto, bila sabuni, uanikwe. Kisha ninyi wawili, pamoja, mmoja ashike huku na mwingine ashike kule, mtaubeba mpaka kwa Sindano. Mtupu. Mtamwambia mlivyogawana, kwa midomo yenu, wote wawili mkiwa mmesimama. Hataupokea, au ataupokea atie nyuzi, hilo ni lake. Najua hamtakwenda. Mtabishana nani atangulie kutoka mlangoni, na mtungi utakaa hapo mezani ukishika vumbi, na ukishashika vumbi mtaugombania. Lakini nimesema. Isije ikasemwa sikusema.

Mimi nakwenda kwa mdogo wangu. Gari la kukodi liko nje, mwanawe ananingoja. Daktari alishamaliza maneno, alinishika bega, na daktari akikushika bega ujue dawa zimekwisha. Mdogo wangu tulinuniana miaka kwa sababu ya kioo cha mama yetu, kila mmoja alidai aliahidiwa yeye, mpaka kikavunjwa na paka, na paka hakudai kitu. Hana mali, chumba kimoja na jiko la uani. Ndiyo maana nakwenda kufia kwake. Hakuna atakayepima kitanda nami bado nimekilalia.

Msinisindikize. Nilisema... ngojeni. Ngojeni pumzi.

Niliwazaa kwa uchungu wa kawaida, nikawapenda kwa kadiri yangu, na hamkuwa watoto wabaya. Hilo ndilo gumu kulibeba. Mngekuwa wezi ningewalaani, nikapumzika. Ninyi ni watu wa haki. Mnapima. Basi Mwenyezi Mungu awape mkononi mwa wengine kile msichojua kukiacha ninyi: kila mtakapofika mahali na kiu, mkute mtu amepita kabla yenu na hakumaliza. Akuzeni watoto wenu wawe wasahaulifu wa hesabu. Mkwe wangu, wewe Mungu akupe nyumba yenye mtu wa kukujibu ukiuliza. Amina yenu semeni kimoyomoyo, sina nguvu ya kuisikia.

Nipe fimbo. Usinishike kwapa, naweza... naweza. Taratibu. Huu mstari wa chaki, nauvuka, sijui sasa niko kwa nani.

Hapo. Nimekishika kitasa.

Miaka yote niliyokaa humu nilikuwa nikipiga kelele, fungeni mlango wa jiko, mainzi yataingia, upepo utaingia, mama atapata baridi. Mkiwa wadogo mliuacha wazi makusudi ili mnisikie nikifoka. Sasa kaeni humohumo, na nusu zenu. Naufunga mwenyewe, kwa mazoea tu, maana humo ndani hakuna tena cha kukilinda.